Paka wa Manowari na Panya wa Ghalani

Somo: Luka 16:10



Bwana Yesu alifundisha kwamba moyo wa mtu hupimwa kwa kitu kidogo alichokabidhiwa. Neno hili twalijua sana, wala halituchomi tena. Kwa hiyo nawaletea habari ya kiumbe mdogo.

Tarehe 20 Aprili 1949, Wachina walipokuwa wakipigana wao kwa wao, manowari ya Waingereza iitwayo Amethyst ilikuwa ikipanda mto Yangtze kwenda Nanking. Ikapigwa mizinga kutoka ukingoni, ikakwama. Nahodha wake, Skinner, alijeruhiwa akafa, na mabaharia wengine pia. Ndani alikuwamo paka aitwaye Simon, aliyeokotwa Hong Kong. Naye alijeruhiwa na kombora usoni, miguuni na mgongoni, hata wakadhani hataiona asubuhi.

Manowari ilizuiliwa mtoni zaidi ya miezi mitatu. Joto likazidi, chakula kikapungua, na panya wakaongezeka wakiila akiba. Ndipo Simon, alipopata nguvu kidogo, akairudia kazi yake ya kuwinda. Usiku wa tarehe 30 Julai manowari ikateleza gizani, ikiongozwa na Kerans, ikafika baharini.

Basi, angalieni. Paka hakushika usukani wala hakupiga mzinga. Lakini mizinga haikuwa adui wa pekee. Na panya nao waliweza kuwashinda watu wale kwa njaa. Ndivyo lilivyo na Kanisa. Twamwogopa adui angurumaye ukingoni, nasi twawasahau watafunao ghalani: kinyongo kati ya wazee wawili, sadaka isiyoandikwa daftarini siku ile ile, watoto wa mafundisho wamngojao mwalimu asiyekuja, mjane mgonjwa asiyebishiwa hodi. Hivyo usharika huliwa polepole, wala hapana kelele.

Labda wewe mwalimu wasema, “Nimechoka, nami nina majeraha yangu.” Bwana ayajua. Hakuiti uifanye kazi ili upate kuokolewa. Umekwisha kuokolewa kwa neema, bure. Mnyama alifuata asili aliyopewa na Muumba. Wewe umepewa Neno na ahadi. Je, hutaamka?

Simon alitunukiwa nishani ya Dickin, iliyowekwa mwaka 1943 kwa ajili ya wanyama wa vitani, wala hadi leo hakuna paka mwingine aliyeipata. Lakini alikufa Uingereza tarehe 28 Novemba 1949, kabla ya kuvishwa. Wengi wetu nasi tutalala kabla ya kusikia asante ya wanadamu. Tusihuzunike. Yeye asiyesahau kikombe cha maji baridi hatausahau mlango uliobisha hodi.

Usiku huu, kabla ya kuzima taa, kila mmoja ajiulize: katika ghala niliyokabidhiwa, panya yuko wapi? Na kesho aanzie hapo, kwa nguvu atakazopewa na Bwana.

Amina.