Deni la Matope

Yako maswali ambayo huonekana madogo mpaka mtu ayatazame vizuri, na hili ni mojawapo: gari zito likizama matopeni penye uwanja wa mtu anayejenga nyumba, je, majirani wana wajibu wa kulikwamua bure, au wana haki ya kudai ujira kwanza? Hapa Mikese swali hili hurudi kila masika, maana nyumba zajengwa nyingi, na mchanga, kokoto na saruji haviji tena kwa kichwa ila kwa tipa. Tipa laacha barabara kuu ya Morogoro, lashuka bondeni kwa njia iliyokuwa ya miguu, na kabla halijaufikia msingi lakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Vijana wakusanyika, wasimama wamefumbata mikono. Mwenye nyumba awaomba msaada, nao wamwuliza, "Mzee, kuna kiasi gani?"

Wazee wakisikia hayo husikitika, wakasema utu umekwisha, na kwamba zamani mtu alisaidiwa na watu wa mtaa mzima, kisha wakala pamoja chini ya mti. Vijana nao hujibu kwamba aliyeweza kununua tani saba za mchanga hawezi kushindwa kuwalipa watu kumi. Naona kila upande umeshika nusu ya kweli, maana wote waanza kuhukumu jambo lilipokwisha kufika katikati. Waanzia matopeni. Yafaa tuanzie asubuhi ile gari lilipoagizwa.

Lakini kwanza tuyajue matope yenyewe. Udongo mweusi wa mabondeni hunywa maji ukavimba. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na kuwa mgumu kama jiwe, na wakati wa mvua hauwezi kuchukua uzito. Jua likiwaka siku moja mbili, juu yake hukauka ngozi nyembamba ambayo humdanganya dereva mgeni, lakini haimdanganyi mwenyeji. Mita moja ya mchanga ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na uliolowa huzidi. Gurudumu likizunguka mahali pamoja hujichimbia kaburi lake, mpaka difu ilale juu ya udongo, na hapo kuzidi kukanyaga mafuta ni kuzidisha msiba. Iliyo bora ni kusimama mara moja, kupunguza mzigo, kuchimba mbele ya magurudumu ili yapate mteremko wa kupandia, kutia mawe na matawi, kisha gari livutwe polepole kwa trekta, kwa njia ile ile liliyoingilia. Hiyo ni kazi ya saa nyingi, tena ina hatari: mnyororo ukikatika huruka nyuma kwa nguvu ya kuua mtu, na asukumaye kwa nyuma hajui kama gari litakwenda mbele au litamrudia.

Basi atakayesema, "Ni bahati mbaya tu," aulizwe: je, mvua ilinyesha usiku? Je, jirani mwenye shamba la kando hakumwambia kwamba pale hapapitiki mpaka Juni? Kama aliambiwa, akaagiza gari hata hivyo, jambo hilo lina jina lingine.

Wasomaji wa Agano la Kale wakumbuka sheria ya Musa juu ya punda aliyeanguka chini ya mzigo wake: hata akiwa punda wa adui yako, usimpite. Walimu wa Kiyahudi waliijadili sana sheria hiyo, na mashauri yao yamo katika Mishna, kitabu kilichokusanywa yapata mwaka 200. Yamo mambo mawili ambayo yangefaa kusomwa katika baraza zetu. La kwanza, mwenye punda akiketi kando na kusema, "Wajibu ni wako, haya, fanya," yule mpita njia ameachiliwa. Maana sheria yasema amsaidie mwenyewe, wafanye pamoja. La pili, mwalimu mmoja, Yose Mgalilaya, alishikilia kwamba punda akiwa amepakizwa kupita kiasi, mpita njia halazimiki, kwa kuwa mzigo ule haukuwa wa punda huyo. Neno la kwanza nalikubali lote. La pili lanitia mashaka, maana punda hakujipakiza. Kadhalika utingo wa tipa, aliye matopeni hata kifuani tangu saa nne, hakuiagiza safari. Hata hivyo Yose aliona jambo ambalo wazee wetu hulisahau wakilaumu vijana: yuko mtu aliyepakiza.

Mikese imekwisha kuliona jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na stesheni ya Mikese iko juu ya njia hiyo. Waingereza walipoutwaa mji wa Morogoro mwezi wa Agosti 1916, waliifanya Mikese mahali pa kushushia shehena za jeshi, ili ziende kusini kwa barabara ya Duthumi hata mto Rufiji, walikokuwa Wajerumani. Mwanzoni mwa mwaka 1917 mvua zikaja mapema, tena nyingi mno. Magari ya jeshi yakazama, wanyama wakafa kwa ugonjwa wa ndorobo, na mizigo ikahamia vichwani mwa wapagazi, ambao wengi wao walikuwa wametwaliwa vijijini bila kuulizwa. Wajerumani nao waliwatwaa watu kwa namna iyo hiyo. Hesabu ya Waingereza wenyewe ya wapagazi wao waliokufa katika vita ile ilipita 40,000, na wanahistoria waona kwamba walikuwa wengi zaidi. Wengi wao waliuawa na kuhara, homa na njaa, si risasi. Masika si siri. Mkulima yeyote wa Uluguru angaliweza kuwaambia majemadari yatakayokuwa. Dar es Salaam jina la Kariakoo latokana na jeshi hilo la wapagazi. Lakini sanamu iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki, na mpagazi yumo katika maandishi ya chini tu.

Sisemi kwamba ajengaye nyumba ya vyumba vitatu ni jemadari. Nasema fikira ile yaweza kuingia katika kichwa kidogo pia: "Gari likishindwa, watu wapo." Hapo mgongo wa jirani umekwisha kuhesabiwa katika gharama za nyumba, naye mwenyewe hajaambiwa. Tena asemaye hivyo mara nyingi ndiye atakayelia kwamba vijana hawana utu.

Lakini tusimhukumu kila mwenye haraka. Mjane aliyefyatua matofali mabichi, akaona wingu linakuja na turubai limepasuka, anaweza kuagiza mabati siku isiyofaa, kwa kuwa asipoyapata leo, kesho matofali yake yatakuwa matope pamoja na njia. Mwenye kupanga chumba ambaye kodi yamwisha mwezi huu naye si mwenye kiburi. Watu kama hawa, wakija jioni ya jana yake na kusema, "Ndugu zangu, kesho nitapitisha gari, nami naogopa pale bondeni, mnisaidie tutie mawe," sijaona wakikataliwa. Kuomba kabla na kuomba baada ni maombi mawili mbalimbali, hata kama maneno ni yale yale.

Na vijana? Kudai ujira kwa kazi ya saa tano yenye hatari ni haki, wala Injili haikatazi mtenda kazi kulipwa. Lakini wapo wanaopanga bei kwa kuutazama uso wa mwenye gari. Wakiona giza laingia na dereva ni mgeni, bei hupanda. Nimesikia pia habari za mahali ambapo maji huelekezwa njiani usiku ili mtego usikauke. Huo ni wizi, hata kama jembe ndilo lililotumika.

Limebaki moja ambalo katika ugomvi wa bei hakuna alitajaye. Gari likisha kutoka, vijana wakalipwa, dereva akaenda zake, yabaki mashimo mawili marefu yaliyojaa maji, na mahindi ya mtu yamelala pande zote mbili. Kesho yake saa kumi na mbili watoto wa shule wapita hapo wamevua viatu, na mama mwenye ndoo kichwani atafuta mahali pa kuweka mguu. Wakati huo mwenye nyumba yuko juu ya msingi wake, apima ukuta kwa uzi.