Shamba la Shule na Haki ya Kula

Je, mtu aweza kuhesabiwa ameelimika juu ya jambo ambalo mikono yake haijapata kuligusa? Mwanafunzi aweza kutaja vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kuulinda, pasipo kukosea hata kimoja. Kisha jioni akaudharau mchicha kwa kuuita chakula cha maskini. Huyo amekariri, hajaelimika.

Mwezi Machi 1967, katika "Elimu ya Kujitegemea", Mwalimu Nyerere alitaka shamba liwe sehemu ya shule, na hali ya wanafunzi itegemee mazao yake. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ikaeneza elimu ya lishe nchini. Mambo haya mawili hayatengani.

Bustani hufunza yale ambayo ubao hauyawezi. Apandaye kunde huviona vinundu mizizini, akafahamu kwamba zao lirutubishalo udongo ndilo lijengalo mwili pia. Apikaye matembele aliyoyachuma mwenyewe hujifunza kuyaosha kabla ya kuyakata, ili vitamini zisimwagwe pamoja na maji. Na kuyaunga kwa mafuta au nazi kidogo, kwani mwili hausharabu vema vitamini A pasipo mafuta. Ndipo atambuapo kuwa bibi yake, aliyetwanga kisamvu, akakichemsha sana hata sumu ikatoka, kisha akakiunga kwa karanga, alikuwa na elimu yake kamili.

Lakini yako mashamba yafunzayo kinyume. Jembe likiwa adhabu ya mchelewaji, mtoto hujifunza kuwa kilimo ni fedheha. Akipalilia juani, kisha mboga zikaishia majikoni mwa wakubwa, hujifunza kuwa jasho halina haki. Wahenga walinena: mchumia juani hulia kivulini; hawakusema achume huyu, ale yule.

Huenda mtu akasema kwamba mwalimu naye ana watoto wa kulisha. Ni kweli. Basi na alime pamoja na wanafunzi wake, ale pamoja nao, na hesabu ya mavuno isomwe mbele ya wote.

Utamaduni wa taifa si ngoma na mashairi peke yake. Ni pia namna tunavyogawana chakula. Kwa hiyo, tunapolikagua shamba la shule, tusiridhike kwa kuhesabu matuta. Tuulize: waliolima, wamekula? Kama hawakula, somo la lishe halijafundishwa. Limefundishwa somo la dhuluma, na watoto hawalisahau upesi.