Ufagio Uleule

Kutoka kilima cha Glenwood, hapa Durban, ghuba iko chini yako na ng'ambo yake ni Bluff. Huko waliishi watu walioitwa Wazanzibari, wengi wao Wamakua, waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa na manowari za Kiingereza na kuanza kushushwa Durban Agosti 1873. Waliambiwa wako huru. Papo hapo wakafungwa kwa mkataba wa kazi wa miaka mitano, kwa mabwana wasiowachagua.

Huo ni uhuru wa namna gani? Jibu nimelitafuta kwenye nyumba za watawa, ambako utii huahidiwa kwa hiari.

Úrsula de Jesús aliingia konventi ya Santa Clara, Lima, mwaka 1617, akiwa mtumwa. Alipika, alifua, aliuguza. Mwaka 1645 mtawa mmoja alimnunulia uhuru, naye hakuondoka; mwaka 1647 akaweka ahadi ya kubaki, akaendelea na kazi zilezile hadi kifo chake, 1666. Aliyemwona akifagia asingejua kama ni mtumwa au huru, kwani ufagio ulikuwa uleule. Lakini katika ile miaka miwili kabla ya ahadi, mlango ulikuwa wazi mbele yake, na kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wote. Mtawa anayeahidi utii anatoa kilicho chake. Mtumwa anayemfulia hana cha kutoa, kimeshachukuliwa. Kumhubiria huyo kwamba kazi ni sala ni kumdhulumu mara ya pili.

Huko kwetu, Pwani ya Afrika Mashariki, mambo ni magumu zaidi kuhukumu. Misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa 1868, ilikomboa watoto kutoka utumwani. Wasichana walilelewa na Mabinti wa Maria kutoka Réunion, shirika lililoanzishwa 1849, mara tu baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo, na lililowapokea hata wanawake waliokuwa watumwa. Bila misheni watoto wale wangeuzwa, hilo silipingi. Hata hivyo walilima mashamba ya misheni, wakaozwa humo humo, wakahamia kijiji cha misheni. Aliyekukomboa anastahili shukrani yako, si jasho lako.

Nayaomba mashirika ya kitawa, ya Durban na ya Pwani: mnapoandika historia zenu, mtajeni kwa jina kila aliyefua, aliyepika na aliyelima, na mseme kama alilipwa.