Kazi ya Wawili Ikibadilika, Ni ya Nani?



Swali letu mara hii ni hili: mume na mke wakianzisha kazi yao wenyewe, kisha kazi hiyo ikageuka polepole ikawa kitu kingine, je, yule asiyependa mageuzi hayo bado anafungwa nayo? Wengi hujibu upesi kwamba wawili hao ni mwili mmoja, basi anakokwenda mmoja na mwenzake afuate. Jibu hilo ni tamu masikioni, lakini halitoshi.

Tuchukue mfano wa muziki, tena ule ambao wazazi wengi huku Kericho na Bomet wangeuita kelele tupu: roki nzito, au metali kama vijana wanavyosema. Muziki huu ulitoka Birmingham, mji wa viwanda huko Uingereza, ambako kundi la Black Sabbath lilianza mwaka 1968. Mpiga gita wake, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa kijana. Baadaye akalegeza nyuzi za gita zisimwumize, na sauti ikazidi kuwa nzito. Siku hizi Nairobi pia ina makundi yanayoupiga.

Tusiwacheke. Mwaka 1950, Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba Chemirocha. Hilo ndilo jina walilompa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sauti yake ilifika kwao kwa santuri. Tena miaka ya 1970 kampuni ya Chandarana, hapa mjini Kericho, ilikuwa ikitoa santuri za benga bila kungoja wakubwa wa Nairobi. Basi muziki wa mbali na muziki wa kujitegemea vyote si vigeni kwetu.

Huko Marekani wako mume na mke, Gazelle Amber Valentine na Edgar Livengood. Walianzisha kundi la Jucifer katika mji wa Athens, jimbo la Georgia, mwaka 1993. Mke hupiga gita na kuimba, mume hupiga ngoma, na hakuna wa tatu. Zamani nyimbo zao zilichanganya upole na ukali, lakini kadiri miaka ilivyopita zikawa nzito zaidi. Waliacha nyumba, na kwa miaka mingi makao yao yamekuwa gari wanalozunguka nalo wakipiga muziki. Mwaka 2010 albamu yao, Throned in Blood, ilitoka chini ya lebo yao wenyewe.

Hebu tutafakari maisha ya namna hiyo. Faida yake ni kwamba hakuna bosi wa nje wa kuwaamuru. Hatari yake ni kwamba hakuna mlango kati ya kazi na nyumba. Wakikosana kazini, hawana nyumbani pa kurudi wakapoe, kwa maana nyumbani ndiko kazini. Mageuzi ya namna hiyo yanawezekana tu ikiwa wote wawili wanaendelea kuyataka.

Tutazame mfano mwingine. Mbilia Bel wa Kongo aliingia bendi ya Afrisa ya Tabu Ley Rochereau mwaka 1981, na wakaja kuwa mume na mke. Sauti ya Mbilia ilipendwa Afrika nzima, lakini bendi ilikuwa ya Tabu Ley. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mbilia aliondoka akaenda kuimba peke yake. Si kazi yetu kuwahukumu. Tunaona jambo moja tu: pale ambapo mume ni mwenye bendi, mke akitaka njia yake hana budi kuiacha kazi aliyoijenga kwa sauti yake.

Hapa kwetu Kenya, Nameless na Wahu walioana mwaka 2005, na kila mmoja akabaki na jina lake la muziki. Wahu alishinda tuzo ya MTV Afrika mwaka 2008, naye Nameless akashinda mwaka 2009. Baadaye Wahu aligeukia nyimbo za Injili, mumewe hakugeuka naye, na ndoa haikuvunjika kwa sababu hiyo. Kisha wakatoa nyimbo wakiwa wawili. Kumbe kutenganisha kazi si kupungukiwa na upendo.

Sasa tuje kwenye majani chai. Katika boma nyingi mke ndiye anayeamka alfajiri kuchuma majani mawili na chipukizi, ndiye anayebeba kikapu hadi kituo cha kununulia. Lakini namba ya mkulima ina jina la mume, na bonasi ikija huingia katika akaunti ya mume. Siku moja mume anaamua kung'oa michai apande mikaratusi. Anasema, "Shamba ni letu." Neno "letu" linatumika wakati wa kufanya kazi na wakati wa kuamrisha, lakini wakati wa kugawana linasahaulika.

Hapo ndipo jibu linapopatikana. Siku ya arusi wawili waliahidiana wao wenyewe; hawakuahidiana gita, wala shamba, wala duka. Ahadi ya ndoa haibadiliki. Mapatano ya kazi ni kitu kingine, nayo yanahitaji kufanywa upya kila kazi inapogeuka. Aliyekubali nyimbo za upole hajakubali bado nyimbo za kunguruma, na aliyekubali chai hajakubali mikaratusi. Ni lazima aulizwe.

Mtu atasema, "Wapendanao hawahesabiani." Ni kweli kwamba kuhesabiana kwa uchungu huua mapenzi. Lakini ngoma katika kundi la watu wawili husahaulika mpaka inyamaze. Kazi ya anayesahaulika isipotajwa, anayesikika atadhani amefanya yote. Kuitaja kazi ya mwenzako hakumpunguzii mtu upendo.

Basi, wanandoa mnaofanya kazi pamoja, fanyeni mambo matatu. Kwanza, majina yote mawili yaandikwe: kwenye santuri, kwenye akaunti, kwenye hati. Pili, kazi ikitaka kugeuka, ketini mjadiliane kabla, na anayesema hapana asikilizwe bila kuambiwa kwamba hana mapenzi. Tatu, pawe na saa ambayo kazi haitajwi nyumbani.

Na kama mmoja amechoka kabisa? Aachwe apumzike, mwenzake aendelee peke yake au atafute wasaidizi. Kundi linaweza kuvunjwa bila dhambi yoyote. Anayemlazimisha mwenzake kubaki kundini kwa kumtishia ndoa, ameifanya ndoa kuwa kibarua cha muziki, na huyo ndiye wa kuonywa kwanza.