Shukrani ya Aliyekwisha Lipa

Hoteli tuliyofikia mimi na mume wangu Paje, Unguja, haipokei watoto. Chakula, vinywaji, hata ngalawa, vyote hulipiwa mapema. Ukishavaa bangili ya plastiki, hakuna anayekudai. Nikajiuliza: kwa kitu nilichokwisha kukilipia, namshukuru nani? Sura ya Ar-Rahman inarudia swali moja kuhusu neema mara 31, nami nililisikia kila nilipojaza sahani. Mume wangu akanijibu kwamba ulimi wa kuonjea hatukuununua. Jibu zuri, nalishika. Ila maji yalipokupwa, kina mama walishuka kwenye mashamba ya mwani, wakainama juani mbele ya viti vyetu. Shukrani inayomruka jirani, sidhani kama inamfikia Mungu. Basi jioni tulikwenda kijijini kununua samaki, ingawa meza yetu hotelini ilikwisha andaliwa.