Mizani ya Hakimu

Sheria ni msumeno, walisema wazee. Lakini msumeno haujui unachokikata. Ajuaye ni yule aushikaye. Basi twauliza: hakimu amhukumupo mtu aliyemnajisi mtoto, yafaa apime mwenyewe miaka ya kifungo, ama mkono wake uongozwe na kiwango kilichoandikwa?

Kenya yatupa mfano. Zamani Kanuni ya Adhabu iliweka kikomo cha juu tu, na chini yake hakimu alipima kama alivyoona. Mwaka 2006 Bunge likatunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, likaweka ngazi: aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, kifungo cha maisha, wa miaka 12 hata 15, miaka isiyopungua 20, wa miaka 16 hata 18, isiyopungua 15. Hakimu aweza kupanda juu ya kiwango, kushuka hawezi.

Mwaka 2022 Mahakama Kuu kule Machakos ilisema kwamba kiwango kisichomwachia hakimu nafasi ya kupima hakipatani na Katiba. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikampunguzia mfungwa mmoja miaka 20 ikawa 15. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama ya Juu ikamrudishia 20, ikasema kuweka kiwango cha chini ni kazi ya Bunge.

Wapendao uhuru wa hakimu wana neno zito. Kijana aliyetimiza miaka 18 juzi, akapendana na msichana wa miaka 17, je, asishuke chini ya miaka 15, sawa na mtu mzima aliyemtisha binti wa jirani? Neno hili hatuwezi kulipinga.

Lakini na tumkumbuke mtoto. Wakili husimama akasema: mteja wangu amekosa mara ya kwanza, ana jamaa wa kulisha, amejuta. Yote hayo ni ya mkosaji. Ya mtoto ni yapi? Huruma ni tunu, ila mtu huitoa katika mali yake mwenyewe. Hakimu hana ruhusa ya kusamehe deni asilolidai yeye. Kiwango cha chini ni ahadi ya taifa kwa mtoto, kwamba uchungu wake hautapunguzwa bei barazani.

Kwa hiyo twaona ngazi ibaki, lakini itengenezwe. Mwenye duka hatupi mizani kwa kuwa jiwe moja lina kasoro; hulibadili jiwe. Ikiwa vijana waliopendana wamewekwa daraja moja na wanyang'anyi wa watoto, kasoro hiyo na iondolewe Bungeni, mbele ya watu wote, wala si katika siri ya moyo wa kila hakimu. Tena wabunge wasikawie. Maana siku za kukawia kwao, yuko kijana gerezani anayezihesabu.