Ukali wa Hoja na Ukali wa Ulimi

Kusahihisha ni wema, kutukana ni uovu. Lakini mara nyingi mawili haya huvaa kanzu moja, hata watu wakadhani kuwa bila ya tusi kosa haliondoki. Dhana hii ilipata mtihani mkubwa katika kazi ya Linux, programu ya kuendesha kompyuta iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda, haufichwi: kila ajuaye aweza kuusoma, kuukosoa na kupeleka marekebisho, na maelfu ya watu wa nchi mbalimbali wamefanya hivyo. Torvalds alisifika kwa kulinda ubora, akajulikana vile vile kwa ukali wa maneno. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akapumzika, akarejea Oktoba. Na mwezi ule ule wa Septemba kazi hiyo ikapata kanuni mpya za mwenendo.

Watetezi wa ukali husema kuwa upole huzaa uzembe. Wangesema kweli kama maana ya upole ingekuwa kulifumbia macho kosa. Sivyo. Kazi mbovu yaweza kukataliwa mara kumi, kwa sababu zilizo wazi, na mtendaji asivunjiwe heshima hata mara moja. Nguvu ya kazi ya wazi ni wingi wa macho yaonayo makosa. Mficha uchi hazai. Lakini nani atafunua kazi yake mbele ya watu wanaomngoja kwa matusi? Amtukanaye mkosaji halifukuzi kosa, hulifundisha kujificha.